PAMPU ZA MAJI: TUPATE MAJI BILA KUPOTEZA MAISHA



Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo mara nyingi husahaulika tunapopanga miradi ya maji, nalo ni usalama wa watu wanaofunga na kuendesha pampu. Andiko la mradi huonyesha idadi ya vituo vya kuchotea maji, urefu wa mabomba na mchango wa wananchi. Ni nadra kuona mstari unaoeleza fundi atashukaje, mota itatiwa ethi na nani, au kijana atakayewasha injini kila alfajiri atafundishwa nini. Hata hivyo, maji yanayopatikana kwa kumzika mtu hayawezi kuitwa maendeleo.

PAMPU ZIMETUFIKIAJE HUKU UPARENI?

Wapare ni watu wa maji ya mserereko. Tangu zamani wazee wetu walichimba mifereji kutoka kwenye vijito vya milimani na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo yanayojazwa usiku ili maji yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva haina mota wala mkanda. Hatari yake kubwa ni mtoto kutumbukia, na kila mtu anaijua.

Lakini maji ya mserereko hayawafikii wote. Milima yetu, ambayo kilele chake cha Shengena hupita mita 2,400, huzuia mvua nyingi. Upande wa tambarare, kuanzia Same mjini hadi Makanya, Hedaru na Mabilioni, nchi ni kavu na watu hutegemea visima. Wakulima wa mbogamboga, mahindi na maharage kandokando ya Mto Pangani na Mto Mkomazi huvuta maji kwa pampu ndogo za petroli. Visima virefu vya vijiji, shule na zahanati vina pampu za kuzamishwa zinazotumia umeme, jenereta au jua. Mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025, nao hupandisha kwa pampu maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo pampu ziko kila mahali, kuanzia ile inayobebwa kwenye baiskeli hadi zile zinazojaza jengo zima. Ukubwa unatofautiana, lakini hatari zake ni zile zile: hewa yenye sumu, uzito, umeme, vyuma vinavyozunguka na nguvu ya maji yaliyobanwa. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

HATARI YA KWANZA: INJINI NDANI YA KISIMA

Tunaanza na hii kwa sababu inaua wengi kwa mara moja, na kwa sababu watu hufanya kosa hili wakiwa na sababu inayoonekana nzuri kabisa.

Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Inaondoa hewa kwenye bomba, kisha uzito wa hewa ya anga ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo una kikomo. Usawa wa bahari, hata pampu kamilifu isingeweza kunyonya maji yaliyo chini zaidi ya mita 10 hivi, na kwa kazi za kawaida mafundi huhesabu mita 7. Tena, kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 kikomo kile cha mita 10 hushuka hadi mita 8 na nusu hivi, na pampu ya kawaida hufanya kazi vizuri ikiwa maji yako mita 5 tu chini yake.

Sasa fikirini mkulima wa tambarare mwezi Septemba. Masika yamepita, vuli bado, na maji ya kisima yameshuka mita 9. Pampu inanguruma lakini haitoi kitu. Nyanya zinanyauka na mkopo unamsubiri. Anaamua kuiteremsha pampu kwa kamba hadi kwenye kingo ya ndani ya kisima, au anachimba ngazi na kuiweka karibu na maji. Maji yanatoka! Jirani anaona, naye anafanya hivyo hivyo.

Injini ya petroli hutoa moshi wenye hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, miguu inalegea, na kabla hajaelewa kinachotokea anaanguka. Ndani ya kisima hakuna upepo wa kuiondoa hewa hiyo. Hubaki humo kwa saa nyingi hata baada ya injini kuzimwa.

Ndipo msiba unapozaliwa mwingine. Aliyeko juu anamwona mwenzake amelala chini, anadhani ameteleza, anashuka kumsaidia. Naye anaanguka. Ndugu wa tatu anashuka. Habari za namna hii tumezisoma kwenye magazeti ya nchi yetu na ya jirani zetu mara nyingi mno: baba na wanawe, au fundi na vibarua wake, wote katika kisima kimoja. Anayefuata hafi kwa uzembe bali kwa upendo usio na maarifa, na hilo ndilo linaloumiza zaidi.

Yapo mambo ambayo watu huyaamini na ambayo hayatoshi:

1. Kushusha taa au mshumaa. Taa ikizimika ni kweli oksijeni imepungua na usishuke. Lakini taa inaweza kuendelea kuwaka vizuri huku kaboni monoksaidi iliyopo ikitosha kuua. Na kama kuna mvuke wa petroli, mwali huo unaweza kulipua kisima.
2. Kumwaga maji au kutikisa matawi ndani ya kisima. Huchanganya hewa kidogo tu. Hakuna anayeweza kujua kwa macho kwamba imetosha.
3. Kuunga mpira kwenye bomba la moshi ili utokee juu. Maungio huvuja, na injini yenyewe hutumia oksijeni iliyomo kisimani.
4. Kujifunga kitambaa kilicholowa puani. Kitambaa hakichuji kaboni monoksaidi hata kidogo.

Kanuni ni fupi na haina ubaguzi: injini ya petroli au dizeli haishuki kisimani, wala haiwashwi katika chumba kilichofungwa. Maji yakiwa mbali kuliko uwezo wa kunyonya, badilisheni aina ya pampu. Pampu ya kuzamishwa ya umeme au ya jua husukuma maji kutoka chini na haitoi moshi. Kwa matumizi ya nyumbani pampu ya mkono au ya kamba inatosha. Ni gharama, ndiyo, lakini watu wakichanga kwa kikundi gharama hiyo hubebeka kuliko gharama ya mazishi.

Na ikiwa mtu ameshaanguka kisimani: asishuke mtu mwingine. Zimeni injini kama inawashwa na kuzimwa kutoka juu, piteni haraka kutafuta msaada, na pigeni simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba yeyote anayeshuka kisimani kwa kazi yoyote ile, hata kusafisha tope, afungwe mkanda wa kifuani na kamba imara ambayo watu wawili walio juu wanaishika wakati wote. Hapo wanaweza kumvuta bila mtu wa pili kuingia.

HATARI YA PILI: UZITO WAKATI WA KUFUNGA

Pampu ya kisima kirefu huning'inia kwenye mabomba. Bomba moja la chuma la inchi mbili lenye urefu wa mita 6 lina uzito wa takriban kilo 30. Kisima cha mita 60 kinahitaji mabomba kumi, yaani kilo 300. Ongezeni maji yaliyomo ndani ya mabomba hayo, zaidi ya kilo 100, kisha pampu na mota yake. Jumla inapita kilo 400. Vijana wanane wenye nguvu na kamba ya katani hawawezi kuishika kwa usalama. Mmoja akiteleza, kamba huchoma viganja vya wengine, na mzigo wote hushuka na kuondoka na vidole vya aliyekuwa akifunga nati.

Kazi hii inahitaji stendi ya miguu mitatu iliyosimikwa mahali pagumu, winchi ya mnyororo yenye uwezo unaozidi mzigo, na klempu mbili za kubana bomba, ili moja iwe imeshika kila wakati nyingine inapofunguliwa. Kabla ya kuanza, kagueni mnyororo na ndoano. Mtu mmoja tu ndiye atoe amri ya kupandisha au kushusha, na wote wamsikilize yeye. Hakuna anayesimama chini ya mzigo. Mdomo wa kisima ufunikwe kila kazi inaposimama, hata kwa chakula cha mchana.

Watoto na watazamaji wawekwe mbali. Tunajua kwamba siku ya kufunga pampu ni sikukuu kijijini, na akina mama wana haki ya kushangilia. Washangilie nyuma ya kamba, umbali unaozidi urefu wa bomba linalosimamishwa. Tena angalieni juu kabla ya kusimamisha bomba: pale penye nyaya za umeme, bomba la mita 6 ni njia ya umeme kumfikia fundi.

HATARI YA TATU: UMEME

Umeme wa njia moja ni volti 230, na ule wa njia tatu unaotumiwa na mota kubwa ni volti 400. Mtu aliyelowa miguu, akisimama kwenye tope kando ya kisima, yuko katika hali mbaya kuliko zote za kukutana nao. Kwa sababu hiyo kazi ya kuunganisha mota na kisanduku cha kuwashia ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mota, kisanduku na mabomba ya chuma vyote viungwe kwenye waya wa ethi, na kiwekwe kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Fyuzi ikiungua, tafuteni sababu. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kumwondoa mlinzi getini.

Mafundi wengi huumizwa siku ya matengenezo. Fundi amezima swichi na kushika nyaya, na mtu mwingine, pengine kwa nia njema kwa kuwa tanki limekauka, anakuja na kuwasha. Dawa yake ni ndogo: zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, weka ufunguo mfukoni mwako wewe unayefanya kazi, na utundike kibao kilichoandikwa USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Kisha pima kwa kipimo kuhakikisha kwamba umeme kweli haupo. Kufuli ya shilingi elfu chache inatosha.

Pampu za jua zinaenea kwa kasi, na wengi hudhani hazina madhara kwa kuwa hazina nguzo ya TANESCO. Paneli moja kubwa hutoa takriban volti 40. Kumi zikiungwa kwa mfululizo ni volti 400. Tena paneli haina swichi ya kuzima jua: maadamu kuna mwanga, nyaya zake zina umeme. Kuchomoa kiungo wakati pampu inafanya kazi huzalisha cheche ndefu isiyozimika kirahisi, inayoweza kuunguza mikono na macho. Zimeni pampu kwanza, fungueni swichi ya kutenganisha, kisha funikeni paneli kwa turubai zito kabla ya kugusa nyaya.

Mtu akishikwa na umeme, msimguse. Zimeni swichi kuu kwanza. Isipowezekana na ni umeme wa kawaida wa nyumba, msukumeni mbali kwa mti mkavu mkiwa mmesimama juu ya kitu kikavu. Asipopumua, mlazeni chali mahali pagumu, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, bila kuacha mpaka apumue au mhudumu wa afya afike. Apelekwe hospitali, iwe ya Wilaya pale Same au ya Kilutheri ya Gonja, hata kama ameamka na kusema yuko salama, kwa sababu umeme unaweza kuuvuruga moyo baadaye.

HATARI YA NNE: VITU VINAVYOZUNGUKA

Vijiji kadhaa bado vinazikumbuka injini za Lister, zile za dizeli zinazowashwa kwa hendeli na kuzungusha pampu kwa mkanda. Aina ile ndogo huzunguka mara 650 kwa dakika, zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Ncha ya kanga au kitenge ikinaswa, kabla mtu hajapiga kelele imeshazungushwa mara kumi pamoja naye. Mota ya umeme ya kawaida inakaribia mara 50 kwa sekunde.

Mkanda, puli na shafti lazima vifunikwe kwa kinga ya wavu au bati, na kinga hiyo irudishwe kila baada ya matengenezo. Mwendesha pampu avae nguo zinazobana mwili na viatu vya kufunika vidole. Asivae kanga, shali, wala tai ya ushirika siku ya Jumapili anapopita kuwasha kabla ya ibada. Anapozungusha hendeli, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirusha hendeli nyuma humvunja kidole au mkono anayeizungushia gumba. Mafuta huongezwa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Petroli inayodondokea bomba la moshi lenye moto ndiyo chanzo cha moto mwingi. Na kama mkiwa mita moja mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane, basi kelele hiyo inaharibu masikio: vaeni vizibo.

HATARI YA TANO: MAJI YALIYOBANWA

Huku milimani jambo hili lina uzito wa pekee. Kila mita 10 za kupanda huongeza mkandamizo wa takriban bar 1. Gurudumu la gari dogo lina bar 2 hivi. Pampu inayopandisha maji mita 200 kutoka bondeni ina bar 20 kwenye mdomo wake, mara kumi ya gurudumu hilo. Nati ikiachia, inaruka kama risasi.

Na kuzima pampu hakuondoi mkandamizo, kwa kuwa maji yote yaliyomo kwenye bomba bado yanakandamiza kutoka juu. Kabla ya kufungua kiungo chochote, fungeni vali ya bomba la kupandia, kisha mwageni maji yaliyobaki kwa koki ndogo mpaka geji isome sifuri. Simameni ubavuni, msiinamie kiungo. Valini miwani.

Umeme ukikatika ghafla maji hurudi nyuma kwa kishindo na kuweza kupasua bomba. Vali ya kuzuia maji kurudi ni lazima iwepo na ikaguliwe. Bomba nalo lichaguliwe kwa maandishi yake: lililoandikwa PN 6 huhimili bar 6, yaani takriban mita 60 tu za kupanda. Kununua la bei rahisi kwa mlima wa mita 150 ni kupanda ajali na kusubiri mavuno. Aidha, pampu isiendeshwe muda mrefu vali ikiwa imefungwa. Maji ndani yake huchemka, na anayeifungua huungua.

NANI ANAWAJIBIKA?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, mashine zenye kinga, vifaa vya kujikinga na mafunzo. Usimamizi wake uko chini ya wakala wa serikali uitwao OSHA. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri achangie mfuko wa WCF, ili mfanyakazi akiumia kazini atibiwe na kulipwa. Tangu mwaka 2019 maji vijijini yako chini ya RUWASA, na miradi huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyojulikana kama CBWSO. Chombo kinachomlipa mwendesha pampu ni mwajiri, hata kama posho ni ndogo na ofisi ni chini ya mwembe. Usharika unaomlipa mtu awashe pampu ya zahanati au ya shule, vivyo hivyo. Anayetumia maji ya mto au kuchimba kisima apate pia kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na hapo apate ushauri wa kina cha maji kabla hajanunua pampu isiyomfaa.

TUFANYE NINI SASA?

Tunazishauri kamati za maji, vikundi vya umwagiliaji na sharika zifanye haya kabla ya msimu ujao wa kiangazi:

1. Zihesabu visima vyote vilivyowahi kuteremshiwa injini na kuzungumza na wenyewe, kwa upole, juu ya njia mbadala.
2. Zinunue kufuli, kibao, kamba imara na mkanda wa kifuani. Vitunzwe na mtu anayejulikana.
3. Ziandike daftari la pampu: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, sauti isiyo ya kawaida, mvujo, na nani alitengeneza.
4. Ziwe na waendesha pampu wawili waliofundishwa, wa kike na wa kiume, ili mmoja asifanye kazi za hatari peke yake.
5. Zitenge fungu la usalama katika kila bajeti, na mfadhili aulize fungu hilo kama anavyouliza risiti.

Katika Kutoka 21:33-34 sheria ya Musa inamwagiza aliyechimba shimo na kuliacha wazi alipe mnyama wa jirani atakayetumbukia. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 anayejenga nyumba mpya anatakiwa aweke ukuta mdogo pembeni mwa dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Maagizo hayo hayasubiri ajali itokee. Yanamtaka mwenye kujenga ajali uhai wa mtu ambaye bado hajaanguka. Kinga ya mkanda, kufuli ya swichi na kamba ya kisimani ndizo kuta zetu ndogo za leo.

Tunaomba wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa watangaze neno hili baada ya ibada, hasa lile la kwanza: injini haishuki kisimani, na aliyeanguka kisimani hafuatwi. Likikumbukwa hilo moja tu, tayari litakuwa limeokoa mtu.

Mungu awabariki nyote mnaowaletea wengine maji.